Vibanda Vilivyotelekezwa

Jumanne, 24 Machi

Nimefika bondeni Rufiji na matope mpaka kwenye nyusi. Bodaboda kutoka Ikwiriri ilikuwa ikikwama, na kila ikikwama dereva ananitazama mimi, kama vile mvua nimekuja nayo mkobani. Shangazi Mwanajuma kanipokea chini ya ngazi ya dungu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Chuo kikuu chote hicho hakina gari?"

Daftari ni jipya, basi nijitambulishe kama ninavyowalazimisha wanafunzi wangu. Mimi ni Hajira, mtoto wa Ngorongo, mhadhiri msaidizi wa jiografia, nasomea uzamivu. Kijiji chetu kiko juu, mashamba yetu yako huku chini. Mpunga ukishashika, watu wanafunga nyumba na kuhamia kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kulinda shamba dhidi ya nguruwe, ngedere na ndege mpaka mavuno. Nimelelewa hivyo. Msimu huu nimekuja kikazi. Chuo kina mradi wa kuchunguza matumizi ya ardhi bondeni, unaofadhiliwa na kampuni inayotaka kulima miwa, na mimi nimepewa sura ya nne: bonde hili linatumiwa na nani, vipi, na lini. Msimamizi wangu, Profesa Abdulhalim, ndiye aliyenipigania nipate nafasi hiyo. Mungu ampe maisha marefu.

Jumatano, 25 Machi

Aibu ya mwaka. Baada ya swala ya alfajiri madungu huitana. Anaanza wa juu ya mto, anaita jirani yake, jirani anajibu, "Tupo!" kisha anamwita anayefuata, mpaka mwisho wa mashamba. Leo Mzee Mwinyimvua wa dungu la pili kaita, "Kwa Mwanajuma, mpo?" Shangazi yuko kisimani. Mimi nikampungia mkono. Mkono! Kwenye ukungu ule!

Haukupita muda nikamwona anakuja mbio katikati ya mpunga, panga mkononi, kanzu kaifunga kiunoni. Alidhani nyoka, alidhani homa, alidhani kiboko kapanda ngazi. Aliponikuta nimekaa na chai yangu, alinitazama nikatamani kuingia ndani ya kikombe.

"Mwalimu, mdomo umeuacha Dar?"

"Samahani mzee, nilipunga mkono."

"Mkono wa nini? Huku mtu akinyamaza tunajua ana shida. Ukipenda kunyamaza panda juu kijijini."

Shangazi kacheka hadi kanga ikamdondoka.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Mvua. Mvua.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimezunguka madungu na kuzungumza na watu. Hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Hata pale palipoota matete pana wenyewe, wamepapumzisha, na kila mtu anawajua. Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Ninapoandika hivi nasahau hata mbu.

Jumatano, 8 Aprili

Kaja mwenzangu wa idarani, Gharibu, kaniletea betri na maswali ya Prof. Gharibu ni mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Kapanda ngazi ya dungu kwa magoti na mikono, kafika juu kauliza choo kiko wapi. Shangazi kamwonesha bonde lote.

Kwenye kompyuta yake ana rasimu ya ripoti. Nimeisoma hadi sura ya tatu, ile iliyotokana na picha za droni. Naiandika hapa nisije nikadhani niliota: "Eneo kubwa la bonde halitumiki. Yanaonekana mabaki ya vibanda vilivyotelekezwa."

Nikamuuliza picha zilipigwa lini. Mwishoni mwa Oktoba. Jamani! Oktoba bonde limekauka, watu wote wako juu, na madungu yamevuliwa paa na mikeka, zimebaki nguzo zinasubiri msimu. Ni sawa na kupiga picha darasa wakati wa likizo kisha useme shule imekufa.

"Prof anajua?" nikamuuliza.

Gharibu akawa anafuta matope kwenye kiatu. "Hajira, mimi nina mke, nina mtoto, na masomo yangu yanalipiwa na mfadhili huyo huyo. Mimi nimeleta betri."

Alhamisi, 9 Aprili

Wito wa asubuhi ulipofika kwetu, shangazi alimsukuma Gharibu: mgeni akilala dunguni anaitika. Akaitika kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Mwinyimvua akapaza, "Huyo nani, mbuzi?" Kaondoka mapema, uso umevimba kwa mbu. Nimemdharau, siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Mwanamume mzima anahesabu betri huku anajua.

Jumapili, 12 Aprili

Mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Nimepanda, nimempigia Prof. Nikamweleza habari ya Oktoba. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Umefanya kazi nzuri sana, mwanangu. Iandike yote, nitumie." Nimeshuka kichuguu naimba. Nilijua tu, waliochanganya mambo ni wapiga picha.

Jumatatu, 20 Aprili

Mto umepanda. Maji yamefika chini ya dungu, tunatembea kwa mtumbwi kwenda kwa jirani. Sura ya nne nimeituma kutoka kichuguuni, nusu ya mwili ndani ya maji. Shangazi anasema maji haya ni mazuri, yakishuka yanaacha ardhi inayolika kwa kijiko.

Ijumaa, 24 Aprili

Kimya kutoka kwa Prof.

Jumanne, 28 Aprili

Kimya. Nimepanda kichuguu mara nyingi hata Mwinyimvua kauliza kama nimepata mchumba.

Jumamosi, 2 Mei

Prof kapiga. "Njoo Kibiti Jumatano, nitakuwa napita. Mambo haya si ya simu." Kwani kusema "sura yako nzuri" si kunatosha kwenye simu?

Jumatano, 6 Mei

Nimerudi na siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka, na dungu si mahali pa kuzunguka. Shangazi kaniambia nitaangusha nyumba. Ngoja niandike.

Tulikutana kwenye hoteli karibu na stendi. Prof aliagiza supu na chapati mbili, akanisukumia moja. Alinisalimia vizuri, akawauliza wa nyumbani mmoja mmoja. Kazeeka ghafla yule mtu, au mimi ndiyo kwanza nimemtazama.

"Sura yako nimeisoma mara mbili," akasema. "Katika mradi mzima hakuna kazi bora kuliko hiyo."

"Alhamdulillahi."

"Lakini haitaingia kwenye ripoti."

Nikairudisha chapati sahanini. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza taratibu, kama anayefundisha. Mfadhili ameiona. Amesema haihusiani na lengo la mradi. Na mfadhili huyo huyo ndiye anayejenga maabara, ndiye anayewalipia akina Gharibu. Akijitoa, vijana wale wanarudi nyumbani katikati ya masomo.

"Sikukatazi kuandika, Hajira. Naomba usubiri. Mradi ukiisha, sura hiyo iingize kwenye uzamivu wako, mimi mwenyewe nitaipitisha. Ukweli hauna haraka."

"Mpunga una haraka, Prof. Hawa wakishahamishwa, uzamivu wangu utakuwa habari za nani?"

Akakoroga supu iliyokuwa imeshapoa.

"Na sura ya tatu? 'Vibanda vilivyotelekezwa'? Mimi nalala kwenye kimojawapo!"

"Sura ya tatu itabaki. Na jina lako litabaki juu ya ripoti."

"Langu la nini, kama kazi yangu haimo?"

Hapo nikaelewa. Wanamtaka mtoto wa Ngorongo kwenye jalada. Mtu wa Rufiji akisema Rufiji ni tupu, nani atabisha?

Nilimkumbusha mwaka wangu wa kwanza, ukumbi umejaa, alivyotuambia tuandike tulichokiona, si tulichotumwa kukiona. Wengine walikuwa wanasinzia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikaandika maneno yale ndani ya jalada la daftari.

"Wakati huo sikuwa mkuu wa idara," akasema. Wala hakukasirika. Angekasirika ningepona.

Akanipa mpaka semina ya mradi, Juni. Nikikubali, mkataba wangu unaongezwa. Nikikataa, yeye hataweza kunitetea. Nilipoondoka nilimwamkia tena kama nilivyozoea, kisha nikajichukia njia nzima hadi Ikwiriri.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemwambia shangazi. Nilidhani atawasha moto. Kwanza alicheka. "Kibanda kimetelekezwa? Na huyu anayepika ugali ni jini? Waambie waje niwamwagie maji ya moto, waone kama hakuna mtu." Halafu akavuta ungo, akaanza kuchambua mboga.

"Hajira, wewe weka jina."

"Shangazi!"

"Sisi tumelinda shamba hili kwa debe na kombeo tangu babu yako, na tutalilinda. Nimelala huku na mvua zote ili wewe usome. Ukirudi nyumbani huna kazi kwa sababu ya mpunga wangu, nitaula vipi mpunga huo?"

Nimeshuka kwenye matope nikalia huko, asinione.

Jumatano, 13 Mei

Mpunga umeanza kushika maziwa, na ndege wamekuja. Tunawaamia kuanzia jua linapochomoza. Piga debe, rusha udongo kwa kombeo, piga kelele. Unawafukuza huku wanatua kule. Hakuna kukaa. Afadhali, maana nikikaa nafikiri.

Jumapili, 17 Mei

Ndege.

Jumanne, 19 Mei

Ndege. Sauti imekauka, nazungumza kama jogoo mgonjwa. Gharibu katuma ujumbe: "Umeamua nini?" Sijamjibu. Ametumwa huyo.

Ijumaa, 22 Mei

Gharibu tena: "Sijatumwa. Nauliza mimi." Mh.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Tumepanda kijijini kwa zamu, nusu ya watu waswali na nusu wabaki na ndege, kwa sababu ndege hawana Idi. Mwinyimvua kachinja mbuzi kaniletea paja.

"Shangazi yako kaniambia," akasema. "Na kaniomba nikushawishi uweke jina."

"Haya, nishawishi mzee."

"Nimeshakushawishi. Kula nyama."

Tukacheka. Alipokuwa anaondoka kaniuliza kama huko chuoni tunaitana asubuhi. Nikamwambia hatuitani, kila mtu ana mlango wake na kitasa chake. Akatikisa kichwa, akasema, "Poleni sana," na alimaanisha.

Jumatatu, 1 Juni

Nimemwandikia Prof kwamba jina langu halitakuwa juu ya ripoti bila sura ya nne, na kwamba nitasoma sura yangu kwenye semina kama ratiba ilivyosema. Baada ya kutuma nilitaka kuurudisha ule ujumbe. Mtandao ulikuwa mzuri leo, kwa makusudi kabisa.

Alijibu maneno mawili: "Nimepokea, Hajira." Zamani alikuwa ananiita mwanangu.

Shangazi hajazungumza nami tangu mchana.

Jumatano, 10 Juni

Niko Dar. Chumba kina feni, kitanda na kimya kinachonitia wazimu. Kabla sijaondoka shangazi alinifuata hadi kwenye pikipiki, akanifunga kanga yake mabegani. Inanuka moshi wa dunguni.

Alhamisi, 11 Juni

Wallahi sijui nianzie wapi.

Nilifika ukumbini, ratiba imebandikwa mlangoni. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano. Mimi simo. Niliingia, nikakaa kiti cha pembeni. Mstari wa mbele walikaa wageni wa kampuni na maji yao ya chupa. Prof mwenyekiti. Gharibu nyuma kabisa, suruali imenyooka.

Walipoonesha picha za bonde niliona dungu la shangazi. Nguzo nne na vivuli vyake. Nilizijua kwa ile moja iliyopinda, iliyosukumwa na kiboko nilipokuwa mdogo. Aliyesoma sura ya tatu akasema, "Kama mnavyoona, vibanda hivi vimetelekezwa," watu wakaandika.

Yalipofika maswali nilinyoosha mkono. Prof akatazama kulia, akatazama kushoto, akanipa nafasi. Pengine hakuweza kunipita.

"Sina swali," nikasema. "Nina sura ya nne."

Nikaenda mbele. Nilianza vizuri. Nikasema mimi nimetoka jana kwenye dungu lile lenye nguzo iliyopinda, na ndani yake yumo mtu anayeitwa Mwanajuma. Mgeni mmoja akamnong'oneza Prof. Prof akasema kwenye kipaza sauti, "Mhadhiri Hajira, muda wetu umekwisha. Kikao kimefungwa." Kijana wa mitambo akazima cha kwangu. Kile kitu kilipokatika nilisikia pumzi yangu mwenyewe ukumbi mzima.

Nikakauka. Mimi, Hajira, niliyeshinda mwezi mzima napigia ndege kelele, nikasimama mdomo wazi hakuna kitu. Watu wakaanza kukusanya mabegi. Nilifikiria mkataba, nikafikiria kwamba shangazi alisema kweli, ningeweka jina tu mambo yakaisha. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageukia mlango.

Ndipo nyuma kabisa mtu akapaza sauti kwa nguvu zote:

"Kwa Hajira! Mpo?"

Gharibu. Kasimama juu ya kiti. Watu wakageuka, wengine wakacheka, wengi hawakuelewa. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kupaza sauti kuliko siku ile ya mbu, na safari hii haikuwa sauti ya mbuzi.

Siku zote wito ule unajibiwa. Sikufikiri, mdomo ulijibu wenyewe.

"Tupo!"

Nikaendelea, bila kipaza sauti, kwa sauti ya kuamia ndege. Nikawaeleza Oktoba ni nini na masika ni nini. Nikawaeleza wenye matete, wenye mpunga, wanaopanda ardhi maji yakishuka. Mgeni akasimama, akamwambia Prof kitu kwa hasira akionesha mlango. Prof alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuifuta. Kisha akanitazama.

"Sema kwa nguvu zaidi," akasema. "Wa nyuma hawasikii."

Wa nyuma walikuwa wanasikia vizuri sana. Wageni wakatoka. Waliobaki wakauliza maswali mpaka mhudumu alipokuja kudai ukumbi.

Jumatatu, 15 Juni

Mkataba wangu hautaongezwa. Ufadhili wa Gharibu umesitishwa. Prof ameombwa apumzike ukuu wa idara. Nimekwenda ofisini kwake, nimemkuta anafunga vitabu kwenye boksi. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga. Nikaishia kumsaidia kubeba.

"Supu ile ilikuwa mbaya," akasema tukiwa kwenye ngazi.

"Ilikuwa mbaya sana, Prof."

"Sura yako nitaisimamia nikiwa nyumbani. Uprofesa bado ninao, mwanangu."

Alhamisi, 25 Juni

Tunavuna. Nilipomwambia shangazi habari ya mkataba alinipa kisu cha kuvunia. Baadaye, tumeinama wote wawili, akaniuliza kama yule kijana wa mbu ameshapata kitu cha kufanya. Nikamwambia anafundisha masomo ya ziada Mbagala. Akaanza kumwekea mpunga wake pembeni.

Jumamosi, 4 Julai

Tumemaliza. Gharibu kanipigia nikiwa kichuguuni. Kwa sababu ya maswali ya semina ile, chuo kimeunda kamati ya kuipitia ripoti upya, haitatoka mpaka wajumbe waje kujionea wenyewe. Nikapiga vigelegele, bata wakaruka mtoni.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wanataka kuja mwishoni mwa Oktoba. Wanasema masika barabara mbaya."

"Astaghfirullahi! Umewaambiaje?"

"Nimewaambia masika wavae mabuti. Wamesema watanijibu. Hajira, nitawauliza kila wiki mpaka wanichoke."

Hawajajibu bado. Huenda wakaja Oktoba, na nguzo nne ndizo watakazozikuta. Nimemwambia Gharibu kwamba wakija Oktoba, mimi nitakuwa nimekaa juu ya hizo nguzo.

Jumapili, 5 Julai

Leo tumevua paa la dungu, tumekunja mikeka, tumeziacha nguzo zimesimama. Shangazi alitangulia na mzigo kichwani, mimi nyuma na sufuria na debe la ndege. Tulikuwa tumeshapanda mteremko, bonde liko chini yetu, tupu kweli kweli kwa macho ya mtu asiyejua, ndipo tukamsikia Mwinyimvua, ambaye siku zote ni wa mwisho kuhama.

"Kwa Mwanajuma! Mpo?"

Shangazi hakugeuka, shingo ilikuwa na mzigo. "Jibu wewe," akaniambia. "Sauti yako inafika."

Nikatua sufuria, nikatua debe, nikaligeukia bonde.

"Tupo!"